Kanuni Ilitangazwa Ijumaa, Nami Sikujua: Majibu kwa Wasomaji

Barua zilizotufikia wiki za karibuni kutoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Texas na majimbo mengine ya Marekani zina kilio kimoja: serikali ya jimbo imebadilisha kanuni, msomaji amepata habari baada ya kuadhibiwa, na kila anayemuuliza anamjibu kwamba jambo hilo lilitangazwa. Tumechagua barua sita. Majina ya walioandika tumeyaacha kwa makusudi, kwa sababu baadhi yao bado wana mashauri mbele ya ofisi zinazohusika.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama ninayelea watoto wa watu nyumbani kwangu hapa Fort Worth, kwa kibali cha jimbo. Mwezi uliopita mkaguzi alikuja akaniandikia kosa la kutofuata kanuni ambayo alisema ilianza kutumika wakati wa kiangazi. Sikupata barua wala simu. Nilipomwambia kwamba sikujua, alijibu kwamba ilitangazwa. Ilitangazwa wapi? Na kama ilitangazwa, je, nilikuwa na haki ya kusema neno kabla haijapitishwa? (Mlezi wa watoto, Fort Worth)

JIBU: Mama, pole kwa yaliyokukuta. Mkaguzi alisema kweli, lakini aliacha nusu ya pili ya ukweli huo, na ndiyo yenye faida kwako: kwa kawaida kanuni hutangazwa mara mbili, na mara ya kwanza huwa bado ni rasimu inayosubiri maoni ya watu kama wewe.

Mahali pa kutangaza ni gazeti rasmi la jimbo liitwalo Texas Register, ambalo ofisi ya Katibu wa Jimbo huko Austin hulitoa kila Ijumaa, na ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bure kwenye intaneti. Wasomaji waliokulia Kenya watalifananisha na Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo nalo hutoka Ijumaa, na waliokulia Tanzania watakumbuka Gazeti la Serikali na matangazo yake yenye namba. Jambo la kushika hapa ni tofauti kati ya sheria na kanuni. Bunge la Texas hukutana katika kikao cha kawaida mara moja tu kila miaka miwili, kwa muda usiozidi siku 140, na sheria linazozipitisha mara nyingi hueleza lengo, kisha huiachia idara fulani kazi ya kuandika mambo madogo madogo yanayogusa maisha ya kila siku: mlezi mmoja aangalie watoto wangapi, uzio uwe wa kimo gani, mafunzo yawe ya saa ngapi kwa mwaka. Mambo hayo madogo madogo ndiyo kanuni, na idara huziandika mwaka mzima, Bunge liwe linakaa au limekwenda nyumbani. Zako wewe huandikwa na Tume ya Afya na Huduma za Jamii ya jimbo, na zimekusanywa katika sehemu ya 26, sura ya 747, ya mkusanyiko wa kanuni za utawala za Texas. Iandike namba hiyo mahali utakapoiona, kwa kuwa ndiyo itakayokusaidia kutafuta. Ukifungua gazeti la Ijumaa lenye mamia ya kurasa bila kujua namba ya sura yako, utachoka kabla hujafika popote.

Safari yenyewe huwa hivi. Idara inapotaka kubadilisha kanuni, hupeleka rasimu kwa Katibu wa Jimbo, naye huichapisha katika sehemu ya gazeti inayohusu kanuni zinazopendekezwa. Kuanzia hapo idara haiwezi kuipitisha kabla ya siku 30 kwisha. Katika rasimu hiyo maneno mapya hupigiwa mstari chini, na maneno yanayofutwa hukatwa kwa mstari na kufungiwa ndani ya mabano ya mraba, hivyo hata mtu ambaye Kiingereza chake si kizito anaweza kuona kwa macho kilichoingia na kilichotoka. Mwishoni kuna mistari michache midogo ambayo wengi huipita bila kuiangalia. Mmoja unasema kwamba mwanasheria wa idara ameipitia rasimu na kuiona iko ndani ya mamlaka ya idara hiyo. Chini yake kuna namba inayoanza na herufi TRD ikifuatwa na mwaka, kisha tarehe ya mapema kabisa ambayo kanuni inaweza kupitishwa, na namba ya simu ya kuulizia. Tarehe hiyo ibandike kwenye mlango wa friji.

Kabla ya rasimu yenyewe kuna utangulizi, na kwa maoni yangu hapo ndipo msomaji wa kawaida anapaswa kukaa muda mrefu kuliko penginepo. Sheria inaitaka idara ikadirie, kwa miaka mitano ya kwanza, kanuni itaigharimu serikali kiasi gani, itawafaidi wananchi vipi, na itawagharimu kiasi gani wale watakaolazimika kuifuata. Inaitaka pia ieleze kama kanuni itawaumiza wenye biashara ndogo, pamoja na wale wenye biashara ndogo kabisa, yaani zenye wafanyakazi wasiozidi 20, na kama itawaumiza, ichunguze njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile. Mama anayelea watoto sita sebuleni kwake ni mmoja wa hao. Nimesoma tangazo baada ya tangazo ambamo mahali hapo pameandikwa sentensi moja tu, kwamba hakuna gharama inayotarajiwa. Aliyeiandika yuko ofisini; hajui bei ya uzio wala mshahara wa msaidizi wa siku moja. Wewe unajua, na ukimwandikia atalazimika kuliangalia jambo hilo upya.

Haki yako ya kusema iko wazi. Mtu yeyote mwenye nia na jambo hilo anaweza kupeleka maoni kwa barua, kwa barua pepe, au kwa mdomo kama kuna kikao. Huhitaji wakili, wala huulizwi kama wewe ni raia. Watu 25 wakiomba, idara inapaswa kuitisha kikao cha hadhara cha kusikiliza maoni kabla ya kupitisha kanuni yenye uzito, na ombi la chama chenye wanachama wasiopungua 25 lina nguvu ileile. Idara inawajibika kuyazingatia kikamilifu maoni yote yaliyofika. Inapoipitisha kanuni, lazima ichapishe muhtasari wa maoni hayo, itaje makundi yaliyounga mkono na yaliyopinga, na ieleze sababu za kutokubaliana na walichosema watu.

Kwa ajili hiyo, namna ya kuandika maoni ina maana kubwa. Tuseme rasimu inamtaka kila mlezi aende kwenye mafunzo ya siku mbili. Ukiandika kwamba unaipinga kwa sababu inawaonea walezi, barua yako itahesabiwa, lakini jibu lake litakuwa sentensi moja. Linganisha na haya: «Ninalea watoto sita kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 12 jioni. Mafunzo mnayoyataka hutolewa mchana wa siku za kazi. Nikienda lazima nifunge, na nikifunga siku mbili, wazazi wa watoto sita watakosa mtu wa kuwaachia watoto wao siku mbili. Naomba kifungu hiki kiruhusu mafunzo ya jioni, ya Jumamosi au ya mtandaoni.» Maoni haya yana hali halisi, yana hesabu, na yana ombi moja linaloweza kukubaliwa bila kuibomoa kanuni nzima. Yakikataliwa, idara itatakiwa kueleza kwa nini mafunzo ya Jumamosi hayafai.

Baada ya hapo kanuni huchapishwa kwa mara ya pili, katika sehemu ya kanuni zilizopitishwa, na kwa kawaida huanza kutumika siku 20 baada ya kuwasilishwa kwa Katibu wa Jimbo, isipokuwa tarehe nyingine imetajwa. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kama maneno ya rasimu hayakubadilika, tangazo hili la pili husema kwamba kanuni imepitishwa bila mabadiliko na kwamba haitachapishwa upya. Maneno yenyewe hayamo. Inakubidi urudi kwenye toleo la zamani ambalo ukurasa wake umetajwa, kwa mfano 50 TexReg na namba ya ukurasa, 50 ikiwa ni juzuu ya mwaka 2025. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa kanuni yako, na hata kama ungelifungua gazeti la kiangazi usingeona zaidi ya aya chache.

Ushauri wangu wa mwisho kwako ni mfupi, nao una thamani kuliko yote niliyoyasema. Sheria ya Texas inailazimisha idara kumpelekea tangazo la rasimu kila mtu aliyeomba kwa maandishi na mapema kwamba ajulishwe. Andika leo barua ya mistari mitatu kwa idara inayokusimamia, ukitaja sura ya 747, na uombe hivyo. Jiandikishe pia katika orodha yao ya barua pepe. Ni kazi ya robo saa, watoto wakiwa wamelala mchana.

SWALI: Inawezekanaje mtu ahukumiwe kwa kitu ambacho hakukisoma, kilichoandikwa katika gazeti asilolijua, kwa lugha asiyoielewa vizuri? (Dereva wa lori, Abilene)

JIBU: Ndugu, swali lako liliwahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, na kwa bahati mbaya jibu halikumpendelea mtu wa hali yako. Mwaka 1945 wakulima wa familia moja huko Idaho walipanda ngano katika ekari 460, na katika ekari 400 kati ya hizo walipanda upya juu ya shamba ambalo lilikuwa limekwisha kupandwa ngano ya majira ya baridi. Waliomba bima ya mazao ya serikali, wakaeleza hali ilivyo kwa kamati ya wilaya, na wakaambiwa kwamba shamba lote linafaa kukatiwa bima. Ukame ukaiua ngano. Walipodai fidia, shirika la bima likawaonyesha kanuni iliyokwisha kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali ya shirikisho, isiyoruhusu bima kwa ngano iliyopandwa upya kwa namna hiyo. Mwaka 1947 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba kanuni ikishachapishwa katika gazeti hilo, kila mtu anahesabiwa kuwa ameijua, awe ameiona au hakuiona. Jaji Robert Jackson, mmoja wa wanne walioshindwa, aliandika kwamba mkulima akianza kusoma gazeti lile kila linapotoka ili ajue kama kuna jambo linalomhusu, hatahitaji tena bima ya mazao, kwa kuwa hatapata nafasi ya kupanda. Nami niko upande wa Jaji Jackson. Hata hivyo majimbo nayo huenda kwa msingi uleule, kwamba kuchapisha ni kuarifu, na lazima tuishi tukilijua hilo.

Lakini nataka uone pia hali ilivyokuwa kabla hapajawa na gazeti lolote, kwa sababu ilikuwa mbaya zaidi, na kisa chake kinatoka hukohuko Texas. Mwaka 1933 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni nyingi kwa haraka za kupunguza mafuta yanayochimbwa, hasa katika visima vya mashariki ya Texas, na makampuni mawili ya jimbo hilo yakazipinga mahakamani. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwezi Desemba 1934, ilikuwa imebainika kwamba kifungu ambacho watu walikuwa wakishitakiwa nacho kilikuwa kimefutwa bila kukusudia wakati wa marekebisho ya mwaka uliotangulia. Watu walishitakiwa kwa kanuni isiyokuwapo, na mahakama za chini ziliendelea na kazi bila kujua. Jaji Louis Brandeis alipotaka kujua mtu angezipata wapi kanuni hizo, wakili wa makampuni alieleza kwamba nakala pekee aliyoiona ilikuwa katika mfuko wa nyuma wa suruali ya afisa wa serikali aliyetumwa Texas. Sheria ya kuanzisha gazeti rasmi la shirikisho ilipitishwa mwezi Julai 1935, na toleo la kwanza likatoka Machi 1936. Texas yenyewe ilichukua miaka mingi kufuata: sheria yake ilipitishwa mwaka 1975, gazeti likaanza mwaka 1976, na kazi ya kuzikusanya kanuni zote pamoja ikaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1977.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kisheria hutaokolewa na kusema kwamba hukusoma. Unaweza kuokolewa na kasoro ya upande wa pili. Kanuni iliyopitishwa bila kufuata utaratibu wa kutangaza na kupokea maoni inaweza kubatilishwa na mahakama, lakini anayedai kasoro ya utaratibu lazima afungue shauri ndani ya miaka miwili tangu kanuni ilipoanza kutumika, na mahali pa kufungulia ni mahakama ya wilaya ya Travis, yenye mji wa Austin. Vilevile uangalie kama ulichoadhibiwa nacho ni kanuni ya dharura. Hiyo hupitishwa bila kusubiri siku 30, panapokuwa na hatari ya karibu kwa afya, usalama au maslahi ya umma, lakini haiishi zaidi ya siku 120, na inaweza kuongezewa muda mara moja tu kwa siku zisizozidi 60. Ikipita hapo bila kupitishwa kwa njia ya kawaida, imekwisha. Na rasimu ya kawaida isiyopitishwa ndani ya miezi sita tangu ichapishwe huondoka yenyewe.

SWALI: Karibu na nyumba yetu kusini mwa Houston kuna kiwanja kitupu. Juzi wamepachika ubao mweupe wenye maandishi meusi kwenye uzio, unaosema kuna ombi la kibali cha hewa kwa ajili ya kiwanda cha kuchanganyia zege. Je, hiyo nayo ni kanuni? Tunaweza kufanya nini? (Baba wa familia, Houston)

JIBU: Hapana, hiyo si kanuni. Kanuni inawagusa watu wote wa aina fulani. Ubao ule ni tangazo la umma kuhusu ombi moja la mtu mmoja mahali pamoja, na haki zako hapo ni za namna nyingine na muda wake ni mfupi. Nakuomba usingoje hata wiki.

Anayeomba kibali cha aina hiyo kwa Tume ya Texas ya Ubora wa Mazingira hulazimika kutangaza katika gazeti la kawaida la eneo hilo na kuweka mabango kwenye uwanja wenyewe, upande unaotazamana na barabara, yasiyopungua inchi 18 kwa 28. Kama shule ya msingi au ya kati iliyo karibu inatakiwa kisheria kuwa na masomo ya lugha mbili, tangazo linapaswa kutolewa pia katika lugha hiyo ya pili, ambayo mara nyingi huwa Kihispania. Nenda ukaupige picha ubao huo, uhakikishe namba ya kibali inasomeka vizuri, kisha utafute tangazo la gazetini, kwa kuwa siku za kupokea maoni huhesabiwa tangu lilipochapishwa.

Kuna mambo mawili unayoweza kuomba, na tofauti yake ni kubwa. La kwanza ni mkutano wa hadhara, ambapo majirani huuliza maswali na kusema hofu zao. La pili ni shauri la kupinga, ambalo huendeshwa kama kesi mbele ya jaji wa masuala ya utawala, kwa mashahidi na vielelezo. Kwa viwanda vya zege vinavyoomba kibali cha kawaida, sheria inampa haki ya shauri hilo mtu anayeishi katika makao ya kudumu ndani ya yadi 440 kutoka kwenye mtambo unaopendekezwa, karibu mita 400. Kwa hiyo pima. Tumia ramani ya simu, anzia mahali ambapo mtambo unapangwa kusimama kwa mujibu wa ombi, ambalo una haki ya kuliona, wala usianzie kwenye ubao. Katika barua yako andika jina, anwani, simu na namba ya kibali, useme waziwazi kwamba unaomba shauri la kupinga, utaje umbali wa nyumba yako, na ueleze jinsi vumbi litakavyokudhuru wewe na watoto wako kwa namna isiyowapata watu wa mji mzima. Nimeona barua za majirani zikiwekwa kando kwa sababu ziliandika tu kwamba kiwanda kitaharibu mazingira ya Houston. Hilo ni kweli, lakini halikutimiza sharti la kuonyesha dhara lao wenyewe.

SWALI: Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Je, ninaweza kuandika maoni kwa Kiswahili? (Mfanyakazi wa usafi, Dallas)

JIBU: Ninavyoisoma sheria, inazungumzia mtu mwenye nia na jambo, haisemi awe anajua lugha gani. Lakini nakushauri usiwaachie wao kazi ya kutafsiri, kwa sababu barua iliyofika siku ya 29 na kukaa mezani ikisubiri mkalimani haitakusaidia. Iandike kwa Kiswahili jinsi unavyoisema, kwa kuwa mtu hueleza maumivu yake vizuri kwa lugha yake, kisha mwombe mtu unayemwamini kanisani, msikitini au katika chama cha jumuiya aitafsiri, na upeleke zote mbili pamoja, jina lako likiwa juu ya zote mbili. Mtoto wa shule anaweza kusaidia, ila mwambie atafsiri ulichosema na asikipambe.

Upande wa kusoma, idara za Texas zinatakiwa kuweka kwenye tovuti zao muhtasari wa kila rasimu kwa lugha nyepesi, kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Kwa Kiswahili hautaupata. Hata hivyo muhtasari huo wa Kiingereza chepesi ni aya chache tu, na vijana wawili watatu wa jumuiya wanaweza kuugeuza na kuusoma katika ujumbe wa sauti ndani ya kundi la simu Ijumaa ileile jioni. Ningependa sana kuona jumuiya zetu za Wakongo, Warundi na Wakenya zikigawana kazi hii kwa sura: mmoja afuatilie za walezi wa watoto, mwingine za madereva, mwingine za wahudumu wa wagonjwa majumbani.

SWALI: Sisi tunaishi Iowa, na ndugu zetu wako Maine. Je, na huku ni Ijumaa? (Msomaji, Des Moines)

JIBU: Kila jimbo lina siku yake na hesabu yake ya siku. Kwenu Iowa taarifa rasmi ya kanuni hutoka Jumatano, mara moja kila wiki mbili, na kamati ya wabunge kumi huzipitia kanuni na inaweza kuzichelewesha. Maine huchapisha matangazo ya kanuni kila Jumatano katika magazeti ya kila siku, hivyo ndugu zenu wanaweza kuyasoma maktaba bila kompyuta. New York nako ni Jumatano, na muda wa maoni ni angalau siku 60. California ni Ijumaa, kwa siku 45. Minnesota ni Jumatatu, Pennsylvania ni Jumamosi, na Florida hutoa lake kila siku ya kazi. Ukitaka la jimbo lolote, tafuta jina la jimbo pamoja na maneno ya Kiingereza ya gazeti rasmi au taarifa ya kanuni, na uhakikishe tovuti ni ya serikali. Wapo wauzaji wa huduma wanaotoza pesa kwa kurasa zilezile ambazo serikali huzitoa bure.

SWALI: Kanuni inayotuumiza imekwisha kupitishwa zamani, wala hakuna rasimu mpya. Tumekwisha kushindwa? (Kikundi cha wasusi, Houston)

JIBU: Hapana, dada zangu. Texas inaruhusu mkazi wa jimbo, biashara iliyo ndani ya jimbo au shirika lililopo jimboni kupeleka ombi la maandishi kuitaka idara itunge, ibadilishe au iifute kanuni. Tena ukazi ndio unaotajwa, wala si uraia. Andikeni namba ya kanuni, maneno mnayotaka yabadilike, maneno mnayotaka yawekwe mahali pake, na sababu zenu. Idara haiwezi kulinyamazia ombi hilo: ndani ya siku 60 tangu liwasilishwe inatakiwa ama ianze utaratibu wa kutunga kanuni, ama ilikatae kwa maandishi na kutoa sababu.

Ipo njia nyingine iliyo karibu. Kila idara inatakiwa kuipitia upya kila kanuni yake angalau mara moja kila miaka minne na kujiuliza kama sababu za kuiweka bado zipo, na tangazo la mapitio hayo hutoka katika Texas Register, katika sehemu yake maalumu karibu na mwisho wa gazeti. Tafuteni sura yenu ilipitiwa mwaka gani, mhesabu mbele miaka minne, mjue ni lini mtakuwa na nafasi nyingine. Lakini msiingoje hiyo kama mko tayari. Pelekeni ombi mkiwa na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo, au mtume kwa posta yenye stakabadhi, kwa sababu siku 60 zenu zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo.